Uongozi wa Shule Sio Orodha ya Wapiga Kelele



Ndugu zangu na dada zangu, haya ni mazungumzo niliyokuwa nayo na wanafunzi wetu wa Kisii na Nyamira wakati wa likizo. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke hapa, basi nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Sarufi nimewaachia walimu wenu wa Kiswahili.

Nianze na swali. Ni nani hapa jina lake halijawahi kuandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele? Siku ile hakuna aliyeinua mkono. Nikauliza la pili: ni nani amewahi kuwa ndiye anayeandika? Mikono ikapanda polepole, kwa haya kidogo, watu wakacheka.

Mnajua ile orodha ilivyo. Mwalimu anatoka darasani, anamwachia mtoto mmoja kalamu na karatasi. Adui yake anaandikwa hata akiwa amelala. Rafiki yake anasamehewa. Aliyemkatia nusu mandazi wakati wa chai jina lake linafutwa. Ukiuliza kwa nini umeandikwa, unaongezewa alama: umepiga kelele mara mbili. Mwalimu akirudi anaichukua karatasi, na adhabu inaanza. Basi hapo, tukiwa na miaka minane au tisa, ndipo wengi wetu tulipofundishwa uongozi kwa mara ya kwanza, kwamba kiongozi ni mtu anayekutazama ukikosea na kupeleka jina lako kwa mkubwa.

Mtoto huyo akifika sekondari anaitwa kiranja. Kwa miaka mingi viranja wa shule zetu walichaguliwa ndani ya ofisi ya walimu, majina yakasomwa gwaride asubuhi, wanafunzi wakapiga makofi kwa lazima. Akapewa chumba chake, foleni ya chakula haimhusu, na wakati mwingine anaachiwa hata fimbo. Wenzake wakamwona ni askari wa walimu.

Naomba niseme jambo zito hapa, na nalisema kwa sababu ninyi si watoto wadogo. Mei 1999, katika shule moja ya wavulana kule Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja chumbani usiku, wakawamwagia petroli na kuwasha moto. Wanne wakafa. Sisemi vijana wale walikuwa wabaya. Walikuwa watoto wa watu waliopewa kazi iliyowatenga na wenzao, halafu chuki ya mfumo mzima ikawaangukia wao. Miaka miwili baadaye, Machi 2001, bweni la Kyanguli kule Machakos likachomwa na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Mwaka 2008 mamia ya shule yakawa na vurugu. Ni baada ya hapo, mwaka 2009, ndipo lilipoanzishwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya, ili wanafunzi wawachague viongozi wao wenyewe, na viongozi hao wawe sauti ya wanafunzi mbele ya walimu.

Mtu wa Gusii asidhani hizi ni habari za Nyeri na Machakos. Mwaka 2016, ndani ya miezi michache tu, zaidi ya shule 100 ziliteketezwa Kenya, na eneo letu lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Juni mwaka ule mabweni ya Itierio, hapa hapa Kisii, yaliungua. Taarifa za wakati ule zilisema wanafunzi walikasirika kwa kuzuiwa kutazama mechi ya Euro. Mechi ya mpira! Na bweni likiungua mnajua nani analipa. Analipa mama anayeuza ndizi pale Daraja Mbili. Analipa baba anayechuma majani chai Nyansiongo, ambaye karo ya muhula uliopita bado hajaimaliza.

Sasa fikiria nawe. Bweni haliungui bila watu kunung'unika kwanza. Kuna wiki mbili, tatu za minong'ono. Kuna maharagwe yenye wadudu, kuna ruhusa iliyokatwa bila maelezo, kuna mwalimu aliyemtukana mtu mbele ya darasa. Wanafunzi wanayasema haya kila usiku, ila kiranja akiingia wanyamaza. Kwa nini wanyamaze? Kwa sababu ana kalamu na karatasi. Kiongozi anayeogopwa ndiye mtu wa mwisho shuleni kujua kinachopikwa. Yule mpole, anayemsalimia kila mtu, anayejua nani ametumwa nyumbani kwa ajili ya karo na nani amefiwa, huyo ataambiwa. Pengine ataambiwa saa nne usiku akiwa amechoka na ana mtihani kesho, lakini ataambiwa.

Ndiyo maana nawaambia wema si pambo la kiongozi. Ni kifaa chake cha kazi, kama jembe kwa mkulima. Na tukumbuke katika dini yetu: Nabii Musa na ndugu yake Haruni, amani iwe juu yao, walipotumwa kwa Firauni, mtu aliyechinja watoto, waliamrishwa wamwambie kwa maneno laini. Kwa Firauni! Kwani kijana wa mwaka wa kwanza aliyechelewa kufunga kitanda ni mbaya kuliko Firauni?

Wacha nizungumze kuhusu huyo wa mwaka wa kwanza, yule mnayemwita mono. (Kwa Ekegusii *mono* ni "sana". *Mbuya mono*, mzuri sana. Shule ikaligeuza neno kama hilo kuwa dharau. Sijui aliyeanza alikuwa na shida gani.) Mono anafika na sanduku jipya, mama yake amekopa kulijaza. Usiku wa kwanza sabuni imeenda. Wa pili sukari. Anaambiwa afue soksi za kidato cha nne, apande juu ya meza aimbe. Wengine wanaacha shule na wazazi hawaambiwi sababu. Na mara nyingi kiranja yupo pale, anacheka, kwa sababu na yeye alifanyiwa.

Ukitaka kuwa kiongozi usingoje kura. Anza hapo. Chagua mono mmoja, umwonyeshe maji yanatoka bomba gani na saa ngapi, mwalimu gani anasikiliza, umwambie sanduku lifungwe kwa kufuli la aina gani. Kaa naye mezani. Watu wataona. Watakucheka wiki ya kwanza. Wiki ya nne mono wengine wawili watakuja kukaa hapo, na hujamwomba mtu kura hata moja.

Na tuelewane: mpole si mtu wa kukanyagwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi yeyote kuteswa au kudhalilishwa, kimwili na kisaikolojia. Haisemi "isipokuwa na kidato cha nne". Ukiona mono amepigishwa magoti koridoni, uende pale na useme basi, imetosha, aende akalale. Unaweza kulisema kwa sauti ya chini. Lakini ulisema.

Sasa nije kwenu ninyi hasa, Waislamu mnaosoma katika shule za Kisii na Nyamira. Najua hali. Wengi wenu mko watatu, wanne, katika shule ya watu mia saba. Kuna ambaye yuko peke yake. Wewe ambaye kwenu ni Nubia pale mjini, babu wa babu yako amezikwa hapa, bado unaulizwa "lakini kwenu hasa ni wapi?" Na wewe Omogusii mwenye jina la Yusuf unaulizwa umesilimu lini, na ulizaliwa hivyo. Mwalimu anayeita majina anafika kwa lako anasimama, anakohoa, anaendelea.

Katika hali hiyo nimeona vijana wakichukua njia mbili. Wapo wanaojificha. Ramadhani ikija wanakunywa chai ya saa nne na wenzao ili wasiulizwe. Na wapo wanaogombana na kila mtu, kila siku, mpaka walimu wakisikia sauti yao tu wanakunja uso, hata siku ambayo wana haki. Wote nawaelewa. Lakini sikubaliani na yeyote kati yao, kwa sababu njia zote mbili zinakuacha nje ya chumba mambo yanapoamuliwa.

Chumba gani? Sikilizeni hapa vizuri. Sheria hiyo hiyo ya 2013, kwenye kifungu cha 56 kinachosema nani anakaa katika Bodi ya Usimamizi wa Shule, imemtaja mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Yaani kuna kiti cha mwanafunzi katika ile meza ya wakubwa, kwa mujibu wa sheria. Wangapi mlikuwa mnajua? Walioinua mikono walikuwa watatu.

Na mezani pale ndipo mambo yetu yanapoamuliwa. Chukua hijabu. Kesi ya shule moja ya kutwa Isiolo ilianza Mahakama Kuu, ambako hijabu ilikataliwa mwaka 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikasema wasichana waruhusiwe. Tukashangilia. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, kwa hoja kwamba suala halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa katika kesi ile. Kwa hiyo kwa shule nyingi jambo limerudi pale pale: kwa mwalimu mkuu na bodi yake. Anayekaa na bodi akiwa amevaa sare ya shule ni nani? Ni yule aliyechaguliwa na wanafunzi.

Na wanafunzi wenyewe ni akina nani? Ni Wasabato, Wakatoliki, Wapentekoste. Kura za Waislamu wanne hazikupeleki popote. Usisimame kama mgombea wa Waislamu, simama kama mgombea wa shule, mwenye jina lake na swala zake, ambaye kila mtu anajua akisema atafanya anafanya. Dada zangu, mna ajenda tayari: marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanaitaka serikali impe kila msichana wa shule aliyebaleghe taulo za hedhi bila malipo. Uliza shuleni kwenu zinafika? Zinafika ngapi? Zinagawanywa na nani? Msichana wa Nyamira anayekosa darasa siku nne kila mwezi hatakuuliza dini yako ukimletea jibu.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo naona hatulitumii. Gusii ni nchi ya Wasabato. Na Msabato ni mtu ambaye amewahi kuambiwa na shule ya umma aje darasani siku yake ya ibada, akakataa, akaadhibiwa. Kanisa lao lilienda mahakamani. Mahakama Kuu ikalikataa. Wakaenda Rufani, na Machi 2017 wakashinda: shule haiwezi kumlazimisha mwanafunzi Msabato kusoma au kufanya mtihani tangu jua linapotua Ijumaa mpaka linapotua Jumamosi. Walisimama juu ya kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, uhuru wa dhamiri na dini, ambacho ni kifungu chako wewe pia unapoomba saa moja ya swala ya Ijumaa.

Huyu mtu mnalala bweni moja. Nguruwe hali, kama wewe. Anajua maana ya kuulizwa "kwani wewe ni nani usifuate ratiba?" Sasa mbona barua ya kuomba nafasi ya Ijumaa unaiandika peke yako usiku kama mwizi? Mwendee. Mwambie, mimi nitasimama nawe Jumamosi, wewe usimame nami Ijumaa. Lakini uende ukiwa umeshamfaa. Usimwendee mtu kwa mara ya kwanza siku ya haja. Kama mwaka mzima hujawahi kumwachia nafasi ya kuoga, barua yako ataisainia kwa nini?

Nakuja kwenye subira, kwa sababu haya yote yana kushindwa ndani yake. Utaandika barua, itakaa kwenye meza ya naibu mwezi mzima. Utagombea na upate kura kumi na moja. Mwanafunzi mmoja Nyamira aliniambia alipata kura nne, na yeye alikuwa amehesabu marafiki sita. Tulicheka sana, lakini nilimwona macho.

Mtu wa kwanza kuiletea Kenya medali ya dhahabu ya Olimpiki alikuwa Mgusii, Naftali Temu. Wengi wenu mnalijua jina. Wachache wanajua kwamba alienda Tokyo mwaka 1964 akarudi bila medali. Hakuna aliyemwandikia wimbo. Alirudi kufanya mazoezi. Mwaka 1966 kule Kingston, Jamaika, akashinda dhahabu ya maili sita kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 1968 kule Mexico akachukua dhahabu ya mita 10,000 na shaba ya mita 5,000. Kati ya Tokyo na Mexico kuna miaka minne, na sehemu kubwa yake ni asubuhi za kukimbia bila mtu wa kutazama.

Lakini ninayempenda kumtaja zaidi kwa wanafunzi ni Ali Mazrui, kwa sababu yeye aliangushwa na mtihani. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, na baba yake baadaye akawa kadhi mkuu. Mtihani wa Cambridge ulipokuja akapata daraja la tatu. Makerere haikumchukua. Hebu fikiria, mtoto wa kadhi mkuu, mji mzima unajua matokeo yako. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Angeweza kunyamaza na faili zake hadi pensheni. Ila aliendelea kusoma na aliendelea kuzungumza mbele za watu. Siku moja alihutubia katika Maulidi, na gavana wa kikoloni, Philip Mitchell, alikuwepo. Kutoka hapo akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Akaanza upya kwa mitihani ya sekondari kule Huddersfield, kisha Manchester, kisha Columbia kule Marekani, na Oxford ikampa udaktari mwaka 1966. Na Makerere iliyokuwa imemkataa? Alirudi pale kama mwalimu, akawa profesa.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba gavana ndiye aliyemwokoa. Mimi nakisoma tofauti. Gavana alikuwepo mara moja. Je, hotuba ngapi Mazrui alitoa ambazo hakuna gavana aliyekuwepo? Yule aliyepata kura nne nilimwambia hivyo, akaniuliza, "Kwa hiyo nigombee tena?" Nikamwambia agombee tena, lakini kwanza awatafute wale wawili kati ya marafiki sita ambao hawakumpigia, na asiwaulize kwa hasira. Aliniambia baadaye mmoja alikuwa kituo cha afya siku ile. Yule mwingine hajampata bado.

Haya, kazi ya muhula huu. Ukirudi shuleni, tafuta kwanza kama baraza la wanafunzi lipo na kama linachaguliwa kwa kura, au bado majina yanatoka kwa walimu. Usiulize kwa shari. Mwulize mwalimu wa ushauri nasaha, au yeyote anayekuheshimu. Kama viongozi wanachaguliwa, uliza fomu zinatoka lini na usingoje wiki ya mwisho. Kama hawachaguliwi, mwandikieni mwalimu mkuu barua ya kuomba, ukurasa mmoja, isainiwe na wanafunzi wa madhehebu tofauti, ikitaja sheria ya 2013 kwa adabu. Baki na nakala yako. Andika tarehe uliyoipeleka na jina la aliyeipokea. Wiki mbili zikipita bila jibu, urudi uulize tena, na usalimie kwanza.

Na ile karatasi ya wapiga kelele, ukipewa wewe, unaweza kuirudisha tupu. Mwambie mwalimu umeongea nao na wamenyamaza. Lakini uwe umeongea nao kweli.

Rasimu za barua nitazisoma Jumapili baada ya Adhuhuri, pale pale tulipokutana. Njooni na wenzenu Wasabato. Ndiyo maana sikuiweka Jumamosi.